Sura ya Nne: Doti Moja ya Kanga

Kanga huuzwa mbili mbili. Mwanamke akiingia dukani Kariakoo au Ujiji hatoki na kipande kimoja. Hutoka na doti nzima, upande mmoja wa kujifunga na wa pili wa kujitanda. Doti hiyo humfuata kila aendako: jikoni, shambani, msibani, harusini. Mimba ikikomaa, hukunjwa vizuri na kuwekwa kwenye mfuko wa kwendea hospitali pamoja na nguo za mtoto, maana kanga ndiyo itakayompokea mtoto akitoka. Kanga hiyohiyo, tangu enzi za bibi zetu, ndiyo inayopokea damu ya mzazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkoani Kigoma, daktari Godfrey Mbaruku na watafiti wenzake, akiwemo Ndola Prata wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliitazama kanga hiyo upya. Swali lao lilihusu mkunga wa jadi aliye mbali na hospitali, usiku, akiwa na mwanga wa kibatari. Vitabu vya udaktari vinasema mwanamke akipoteza mililita 500 za damu au zaidi baada ya kujifungua, ameingia hatarini. Mkunga yule hana chombo cha kupimia mililita, na pengine hata neno lenyewe hajawahi kulitumia. Atajuaje kwamba damu imezidi?

Jibu lilikuwa limetandikwa chini ya mzazi. Kanga hutengenezwa kwa ukubwa unaokaribiana, kwa hiyo kiasi cha damu inachoweza kunyonya hakitofautiani sana. Watafiti walipima, wakakuta kwamba kanga mbili zilizolowa chapachapa zinabeba damu inayozidi kidogo nusu lita. Kipimo cha vitabu kilikuwa sawa na doti moja. Wakunga wakafunzwa kanuni rahisi: kanga ya pili ikilowa, muda wa kungoja umekwisha, mama apewe vidonge vya misoprostol ili mfuko wa uzazi ubane. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2005. Katika vijiji ambavyo wakunga waliitumia kanuni hiyo, akina mama waliolazimika kukimbizwa hospitalini kwa ajili ya damu walikuwa wachache mno kuliko katika vijiji vya jirani ambavyo havikuwa na dawa hizo.

Nimeanza na kanga za Kigoma kwa sababu historia ya vita dhidi ya kutokwa damu baada ya kujifungua husimuliwa mara nyingi kama historia ya dawa na maabara. Dawa zipo, na nitazieleza kwa heshima zinayostahili. Lakini jambo lililowaponyoka madaktari kwa miaka mingi, na ambalo utafiti mkubwa wa miaka ya karibuni umelithibitisha, ni lile ambalo mkunga wa Kigoma alifundishwa kwa doti yake: pima damu, na kipimo kikifika, tenda papo hapo.

Ukili wa misuli

Ili kuelewa kwa nini damu hii ina haraka namna hiyo, tuingie ndani ya mwili wa mama katika dakika zile baada ya kilio cha kwanza cha mtoto.

Kwa miezi tisa, kondo la nyuma lilikuwa limejishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, likimlisha mtoto. Ili kulilisha kondo, mwili ulifungua mishipa mikubwa ya damu. Mimba ikikomaa, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi hufikia mililita 500 hadi 700 kwa dakika moja. Kisha kondo linabanduka. Linaacha kidonda chenye upana wa sahani ya wali, na vinywa vya mishipa ile vikiwa wazi.

Mama hafi, kwa sababu mfuko wa uzazi umesukwa kwa namna ya ajabu. Nyuzi za misuli yake hupishana huku na huko kama ukili katika mkeka, na mishipa ya damu hupita katikati ya mapengo. Mtoto na kondo vikishatoka, misuli hujikaza kwa nguvu, ukili unabana, na kila mshipa unanyongwa pale ulipo. Damu inapungua ndani ya dakika chache. Ndiyo maana mkunga huweka mkono juu ya tumbo la mzazi na kulibonyeza: anautafuta mfuko ulio mgumu kama mpira. Akiukuta mgumu, anashusha pumzi. Akiukuta mlaini, anajua ukili haujabana.

Katika visa takriban saba kati ya kumi vya kutokwa damu nyingi, chanzo ni mfuko huo kulegea. Pengine umechoshwa na uchungu uliochukua muda mrefu, au ulitanuka sana kwa mapacha. Visa vingine hutokana na kuchanika kwa njia ya uzazi, mabaki ya kondo kubaki ndani, au damu yenyewe kushindwa kuganda. Lakini mara nyingi sana hakuna dalili yoyote iliyotangulia. Mama alihudhuria kliniki zote, presha yake ilikuwa nzuri, mtoto alikaa sawa, uchungu ulikwenda vizuri. Kisha damu ikaja. Hatari hii haichagui wale tuliowatilia shaka, na ndiyo sababu lazima kila mzazi aangaliwe kana kwamba inaweza kuwa zamu yake.

Duniani kote, kutokwa damu ndiko kunakoongoza katika kuua akina mama wanaojifungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa sababu za ujauzito na uzazi, takriban 700 kila siku. Tanzania imepiga hatua ambayo inafaa kusemwa kwa sauti: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Katika kipindi hicho akina mama wanaojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81. Kwa vizazi vingi tulimhimiza mama afike hospitali. Sasa amefika. Swali lililobaki ni nini kinamtokea akiwa pale kitandani.

Jicho linavyodanganywa

Kwa karne nyingi damu ya mzazi ilipimwa kwa macho. Mkunga aliangalia shuka, pamba, beseni na sakafu, akakisia: mililita 200, mililita 300. Kisha akaandika kisio lake kwenye faili kana kwamba ni kipimo.

Jicho halikusudii kudanganya. Damu huingia kwenye godoro, huchanganyika na maji ya uzazi, hujificha chini ya mgongo wa mama, hutiririka taratibu kwa nusu saa bila kishindo. Nchini India, katika eneo la Belgaum, watafiti walilinganisha kisio la macho na kipimo cha mfuko maalumu wa plastiki uliowekwa chini ya mama. Matokeo yao ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba macho yaliona pungufu kwa theluthi nzima. Na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba damu inavyozidi kuwa nyingi, ndivyo kisio linavyozidi kuwa dogo kuliko uhalisia. Jicho hukosea zaidi pale hasa linapotegemewa zaidi.

Mwili wa mama nao huficha. Katika ujauzito damu huongezeka kwa karibu asilimia 45, na hiyo ni akiba ya siku ya kujifungua. Kwa sababu ya akiba hiyo, mwanamke kijana mwenye afya anaweza kupoteza lita nzima huku presha yake ikisomeka vizuri. Anaongea. Anauliza mtoto ana uzito gani. Anaomba uji. Kisha akiba inakwisha, presha inaporomoka mara moja, na wote waliokuwa chumbani wanashangaa mambo yamegeukaje ghafla. Hayakugeuka ghafla. Yalianza nusu saa iliyopita, na hakuna aliyepima. Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu yanasema kwamba damu hii isipotibiwa inaweza kuua ndani ya saa mbili hivi. Kuna maradhi machache sana yanayompa mwanadamu mzima muda mfupi kiasi hicho.

Sindano, jokofu na mama wa Japani

Sasa tuzungumzie dawa. Mwaka 1906 Henry Dale, mtafiti wa Uingereza, aligundua kwamba majimaji ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo yanaweza kuufanya mfuko wa uzazi wa paka ubane. Mwaka 1953 mkemia Vincent du Vigneaud, akifanya kazi New York, alifaulu kuitengeneza homoni hiyo maabarani, na miaka miwili baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ndiyo oksitosini, sindano ambayo leo kila mzazi anapaswa kuchomwa mara tu mtoto anapotoka, ili kuusaidia ukili ubane.

Oksitosini ina udhaifu mmoja unaotuhusu sana sisi wa nchi za joto: inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika kwenye zahanati, au dawa ikisafirishwa juani kwenye boksi la kawaida, nguvu yake hupungua huku kichupa kikibaki vilevile machoni. Mkunga anachoma sindano, anaamini ametibu, na mfuko haubani. Ndiyo sababu wataalamu walishangilia mwaka 2018, utafiti uliohusisha wanawake 29,645 katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwemo, ulipoonyesha kwamba aina isiyoharibiwa na joto ya kabetosini, dawa ya jamii ya oksitosini, haipitwi na oksitosini katika kuzuia mama asipoteze nusu lita au zaidi. Dawa hiyo haidai jokofu.

Dawa ya pili ina historia ambayo kila binti anayesoma sayansi anastahili kuijua. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Japani ikiwa imebomoka, daktari Utako Okamoto na mumewe Shosuke walikuwa na maabara isiyo na kitu. Waliamua kuchunguza damu, kwa sababu vifaa vikikosekana wangeweza kutumia damu yao wenyewe. Hapakuwa na mahali pa kumwacha mtoto wao, basi Utako alifanya kazi maabarani akiwa amembeba binti yake mgongoni, kama mama yeyote wa kwetu alimapo na mtoto mbelekoni.

Mwaka 1962 walichapisha ugunduzi wao, asidi ya traneksamiki. Dawa hii haigandishi damu. Kazi yake ni kulinda bonge la damu lililokwisha kuganda lisivunjwe mapema. Mwili wetu una kemikali za kuyeyusha mabonge, na baada ya uzazi kemikali hizo huweza kufanya kazi kwa pupa. Dawa ya akina Okamoto huzizuia. Utako aliamini tangu mwanzo kwamba ingewaokoa wanawake wanaotokwa damu katika uzazi, akatamani madaktari wa uzazi waijaribu. Hawakumsikiliza. Dawa ikatumika kwa wenye kung'olewa meno, kwa wenye hedhi nzito, katika upasuaji, na mzazi akaendelea kungoja.

Alingoja karibu nusu karne. Mwaka 2010 watafiti wa London wakiongozwa na Haleema Shakur-Still na Ian Roberts walianza kuandikisha wanawake wenye kutokwa damu baada ya kujifungua katika hospitali 193 za nchi 21. Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwemo. Jumla walikuwa 20,060. Wengine walipewa asidi ya traneksamiki, wengine maji yasiyo na dawa ndani, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani amepata nini. Matokeo yalitoka Aprili 2017: waliopewa dawa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, vifo vyao kutokana na damu vilipungua kwa asilimia 31. Waliochelewa zaidi ya hapo hawakupata faida. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza manufaa ya dawa kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Utako Okamoto alifariki Aprili 2016 akiwa na umri wa miaka 98, mwaka mmoja kabla ya kutangazwa kwamba alikuwa sahihi. Siwezi kusoma habari hiyo bila kuwaza wanawake waliopita katikati ya 1962 na 2017. Dawa ilikuwepo. Aliyeigundua alisema ijaribiwe kwao. Utafiti ambao haukufanywa nao ni uamuzi, na una watu wanaoulipia.

Mistari kwenye plastiki

Tayari tuna sindano za kubana mfuko na dawa ya kulinda bonge la damu. Kwa nini basi akina mama waliendelea kufa hata katika hospitali zenye dawa hizo kabatini?

Wengine walisema tatizo ni kupima, na wakapendekeza mfuko wa plastiki wa kukinga damu. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika nchi 13 za Ulaya, kwa wanawake zaidi ya 25,000. Nusu ya hospitali zilitumia mfuko, nusu ziliendelea na macho. Wengi walitarajia ushindi. Hapakuwa na tofauti ya maana: akina mama waliopoteza damu nyingi kupita kiasi walikuwa karibu sawa pande zote mbili.

Wangeweza kuutupa mfuko na kusahau habari yake. Lakini tujiulize mfuko ulifanya nini. Ulionyesha damu imefika wapi, ukaishia hapo. Haukumwambia mkunga afanye nini, na taratibu za tiba zilibaki zilezile za hatua kwa hatua: kanda tumbo, ngoja uone, ongeza sindano, ngoja uone, weka dripu, ngoja, mwite daktari. Kila hatua ilisubiri iliyotangulia ishindwe kwanza. Kwa ugonjwa wenye saa mbili, huko ni kumngoja mtu anayezama achoke ndipo umrushie kamba.

Kutokana na mawazo hayo likazaliwa jaribio lililopewa jina la E-MOTIVE, likiongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham pamoja na watafiti wa Afrika, miongoni mwao Zahida Qureshi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Fadhlun Alwy Al-beity wa Muhimbili. Lilifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, likahusisha wanawake 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Baada ya miezi ya kuangalia hali ilivyo, hospitali 78 kati ya hizo zilipigiwa kura: 39 ziendelee na utaratibu wao wa kawaida, 39 ziingie kwenye utaratibu mpya.

Pande zote mbili mfuko wa plastiki uliwekwa chini ya mzazi. Upande wa kawaida mfuko ulikuwa mtupu, bila alama, na damu ilipimwa kwa mizani kwa ajili ya watafiti. Upande wa pili mfuko ulikuwa na mistari. Damu ikifika mililita 300 na mama ana dalili isiyo ya kawaida, kama mapigo ya moyo kwenda mbio, au ikifika 500 hata kama hana dalili yoyote, mkunga hangoji. Anaukanda mfuko wa uzazi, anatoa dawa ya kuubana, anatoa asidi ya traneksamiki, anafungua dripu, anachunguza kama kuna mchaniko au mabaki ya kondo, na damu isipokoma anaita msaada wa juu zaidi. Yote yanakwenda pamoja, ndani ya dakika chache, na dawa zote zimewekwa katika boksi au troli moja ili asihangaike na funguo za kabati.

Katika utaratibu huo hakuna dawa mpya hata moja, na kila kitendo kilikuwa kinajulikana tangu zamani. Matokeo yalichapishwa Mei 2023. Katika hospitali za utaratibu wa kawaida, kati ya kila wanawake 1,000 waliojifungua, 43 walipatwa na moja ya mambo matatu: kupoteza lita nzima au zaidi ya damu, kufanyiwa upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu. Katika hospitali za utaratibu mpya walikuwa 16. Punguzo la takriban asilimia 60.

Tukitaka kujua siri yake, tuangalie takwimu mbili nyingine. Katika hospitali za kawaida, wahudumu waligundua nusu tu ya visa vya kutokwa damu nyingi, asilimia 51. Nusu nyingine ya wanawake walikuwa wakivuja pale kitandani na aliyekuwa zamu hakujua. Mistari ilipowekwa, waligundua asilimia 93. Na tiba kamili, ambayo kwa kawaida walipewa asilimia 19 ya waliohitaji, iliwafikia asilimia 91. Kipimo na tendo vilifungwa pamoja, kama pande mbili za doti. Ulaya walikuwa wamenunua upande mmoja.

Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na ya wakunga, lilitoa mwongozo mpya unaofuata mkondo huo: mhudumu achukue hatua kuanzia mililita 300 ikiwa mama ana dalili za hatari, asingoje 500 kama tulivyofundishwa zamani.

Faida ya kuambiwa hapana

Ningekuwa sijamtendea msomaji haki kama ningesimulia ushindi peke yake. Dawa ya akina Okamoto ilipofaulu, lilizuka swali la busara: kwa nini tungoje mama atokwe damu? Kwa nini wanawake wenye upungufu wa damu wasipewe mara tu mtoto anapozaliwa, kama kinga? Wanawake 15,068 wenye upungufu wa damu wa wastani au mkali walishiriki kutafuta jibu, katika nchi za Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistan.

Jibu la mwaka 2023 lilikuwa hapana. Waliopewa dawa na wasiopewa walitokwa damu kwa kiwango kinachokaribiana, asilimia 7.0 na 6.6. Ilikuwa habari chungu kwa waliotumaini, lakini ni kinga dhidi ya kupoteza fedha na kumpa mama dawa asiyoihitaji. Tena utafiti huohuo uliweka wazi jambo tunaloweza kulifanyia kazi: kadiri mama alivyokuwa na upungufu mkubwa wa damu, ndivyo alivyokuwa hatarini zaidi kutokwa damu nyingi, na hatarini zaidi kufa ikitokea. Kwake, hata kiasi ambacho jirani yake angekivumilia kinaweza kumwangusha.

Kwa hiyo vile vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki, ambavyo wengi huviacha kabatini kwa sababu vinachefua au vinageuza choo kuwa cheusi, ni sehemu ya tiba ya siku ya kujifungua. Chandarua kinachozuia malaria ni sehemu yake. Sahani ya dagaa, maharage na mchicha ni sehemu yake. Na mume anayekula nyama na kumwachia mjamzito mchuzi anagusa akiba ambayo mkewe ataitegemea katika saa ngumu kuliko zote.

Mikono iliyozoea

Mwongozo ukibandikwa ukutani hauokoi mtu. Mkunga anaweza kuwa amesoma yote niliyoandika hapa, na bado usiku wa manane, peke yake na wazazi watatu, mikono ikatetemeka. Jambo hili lilichunguzwa kwa kina na watafiti wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, wakiongozwa na daktari Benjamin Kamala. Wahudumu walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, wakitumia wanasesere wa mafunzo, badala ya kupelekwa semina mara moja na kurudi na cheti.

Mpango huo ulifika vituo 30 katika mikoa mitano, ukihusu akina mama wapatao 280,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba vifo vya akina mama katika vituo hivyo vilishuka kwa takriban robo tatu. Wahudumu walikuwa walewale, katika majengo yaleyale.

Na hapo tunarudi Kigoma, maana daktari Mbaruku alikuwa amekwisha kutuonyesha njia hata kabla ya utafiti wa kanga. Katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, katikati ya miaka ya 1980, alikaa akapitia vifo vya akina mama kimoja kimoja akitafuta sababu. Kisha yeye na wenzake wakaanzisha hatua 22 za marekebisho, nyingi zikitegemea rasilimali zilizokuwepo palepale. Kati ya 1984 na 1991 vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hakungoja ufadhili mkubwa wala teknolojia mpya. Alihesabu, akakubali kilichoonekana kwenye hesabu, akatenda.

Uzi unaounganisha hospitali ya Kigoma, doti ya kanga, mistari kwenye plastiki na mazoezi ya Haydom ni huo. Kila mahali damu ya mwanamke ilipohesabiwa kwa dhati na hatua ikafuata, wanawake walipona, hata pale umaskini haukuondoka. Na kila mahali ilipokisiwa, walikufa mikononi mwa watu wema, waliosoma, wenye dawa kabatini.

Wasomaji wengi wa kitabu hiki si wakunga, lakini karibu kila mmoja ataketi siku moja kwenye benchi nje ya chumba cha kujifungulia, akimngoja dada, mke, binti au wifi. Jipatie maswali mawili ya kuuliza kwa adabu. La kwanza, kabla ya siku yenyewe, kliniki: wingi wa damu wa mama ni kiasi gani, na tufanye nini uongezeke? La pili, siku yenyewe, baada ya kuambiwa hongera: damu yake imefika kiasi gani, na imepimwaje? Nesi mzuri hatakasirika, na wengi watafurahi kuona kuna mwenzao anayejali. Kama una afya njema, nenda pia kachangie chupa moja ya damu, maana ukili ukikataa kubana na dawa zote zikashindwa, kinachobaki ni damu ya mtu mwingine iliyokwisha kuwekwa kwenye jokofu kabla ya usiku ule.

Na zile kanga mbili zikae mfukoni zikiwa kavu. Zimefanya kazi ya kupokea damu kwa vizazi vingi bila shukrani. Sasa zimfunike mama, na zimbebe mtoto kurudi nyumbani.